Nairobi, Mombasa au Kigali? Safari fupi ya nje ya nchi kwa mtu wa Arusha au Moshi asiye na gari

Ukiishi Arusha au Moshi, nchi nyingine haiko mbali nawe. Namanga iko kilomita 110 hivi kutoka Arusha mjini, na Holili iko kilomita 35 hivi kutoka Moshi. Mtu anaweza kunywa chai nyumbani kwake na mchana akala Kenya. Hata hivyo wengi wanaoweka akiba kwa ajili ya matembezi ya siku chache hukwama palepale: gari hatuna, tutafikaje, na tukishafika tutazungukaje?

Miji inayotajwa zaidi ni mitatu: Nairobi, Mombasa na Kigali. Yote inafikika kwa usafiri wa umma, ila kila mmoja una namna yake ya kukudai muda na nauli. Nairobi iko karibu zaidi na Arusha, lakini ukishafika ndiyo inayokula saa nyingi barabarani. Kigali iko mbali kabisa, lakini mtu wa miguu anaizunguka kwa raha kuliko miji mingine yote ya kwetu. Mombasa iko katikati, na jibu lake linabadilika kutegemea kama unaanzia Arusha au Moshi. Kwa hiyo swali la "wapi ni karibu" halitoshi peke yake. Kufika ni rahisi kiasi gani, na kuzunguka ni rahisi kiasi gani? Ni mambo mawili tofauti, na mwenye siku nne lazima ayapime yote.

Kampala na Jinja nimeziacha kwa makusudi. Kwa basi ni lazima upitie Nairobi kisha Busia au Malaba, au uzunguke ziwa kwa njia ya Mutukula, na siku zako chache zitaishia kwenye kiti.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni saa za mwanga zinazobaki. Usihesabu siku. Ukiondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu, kwenye karatasi ni siku nne, lakini kwa Mombasa Ijumaa yote na Jumatatu yote ni za barabara. Zinabaki mbili.

Cha pili ni kuzunguka ukishafika: kama vituo vya kutembelea vimekaribiana, kama kuna usafiri wa bei inayojulikana, na kama unaweza kutembea kwa miguu bila wasiwasi.

Cha tatu ni vya kuona vyenyewe. Hapa nimetazama vile tu ambavyo mtu asiye na gari anavifikia. Mbuga ambayo lazima uingie na gari haikusaidii, hata iwe nzuri vipi.

Cha nne ni mfuko. Sitataja nauli nyingi kwa sababu zinapanda na kushuka, ila nitaeleza fedha inaishia wapi katika kila mji, maana ndipo watu hupigwa na mshangao.

Karatasi, kwa miji yote mitatu

Kwa Mtanzania jambo hili ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kenya na Rwanda ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hatuhitaji viza. Kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianza kukidai kwa wageni mwaka 2024 hakituhusu sisi raia wa Jumuiya. Unachohitaji ni pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza kutolewa 2018 inagharimu shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kama una nia ya kusafiri tena, kata pasipoti. Mtoto naye anahitaji hati yake mwenyewe, na akisafiri na mzazi mmoja ni vyema mzazi wa pili aandike barua ya ridhaa.

Kisha kuna kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Maofisa wa afya mpakani huiulizia, hasa wakati wa kurudi nyumbani ukitoka Kenya. Chanjo huhesabika kuwa imeanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo usiingoje wiki ya safari. Ukishachanja mara moja inatosha maisha yote. Beba kadi yenyewe, si picha yake kwenye simu.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya 2017 na sisi 2019.

NAIROBI

*Kufika*

Kutoka Arusha ni kilomita 270 hivi, kwa njia ya Longido, Namanga, Kajiado na Kitengela. Shato, yaani mabasi madogo yanayokwenda moja kwa moja, za asubuhi na mchana huchukua saa tano hadi sita, mpaka ukiwemo. Kutoka Moshi ongeza kilomita 80 za kufika Arusha. Zipo shato zinazoanzia Moshi kabisa, na kwa mwenye mizigo ni afadhali hizo kuliko kubadilisha stendi.

Njia ya pili ni kuunga: Noah hadi Namanga, unavuka kwa miguu, halafu matatu hadi Nairobi. Ni nafuu, lakini Noah inangoja ijae na matatu nayo inangoja ijae, na hapo huna mamlaka na muda wako. Maoni yangu ni haya: nenda na shato, na kama unataka kubana matumizi, unga wakati wa kurudi. Kuingia Nairobi usiku ukiwa na begi, mahali usipopajua, ni mzigo usio na sababu. Kurudi Arusha usiku ni kurudi nyumbani.

Namanga kuna kituo cha pamoja cha huduma mpakani, kilichozinduliwa rasmi 2018. Unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Kabla ya kushuka kwenye gari, kariri namba yake na uso wa dereva, na shuka na hati zako zote mkononi. Watakuja vijana na mabunda ya noti wakitaka kukubadilishia fedha. Wapite kwa adabu, uende kwenye duka rasmi la kubadilishia fedha. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza karibu na 20 zetu. Angalia kiwango cha siku hiyo kwenye simu kabla hujatoka nyumbani.

*Kuzunguka*

Hapa ndipo Nairobi inapodai haki yake. Vya kuona vimetawanyika. Upande wa kusini-magharibi kuna Lang'ata na Karen. Kaskazini kuna Makumbusho ya Taifa na Msitu wa Karura. Katikati kuna mji wenyewe. Foleni ya asubuhi huanza kabla ya saa moja, na ya jioni huanza saa kumi na kuendelea hadi giza limeingia kabisa. Mvua ikinyesha, bei za teksi za kwenye simu hupanda palepale.

Dawa yake ni moja: upande mmoja kwa siku moja. Siku ya Lang'ata ni ya Lang'ata, usijaribu kuichanganya na Karura. Matatu namba 125 na 126 ziendazo Ongata Rongai hupita barabara ya Lang'ata mbele ya lango kuu la hifadhi, na namba 24 huenda Karen. Asubuhi panda matatu, jioni ukiwa umechoka ita teksi ya simu. Kama unaweza kuchagua siku, Jumapili barabara huwa nyepesi. Katikati ya mji tembea kwa miguu mchana, ila simu iwe mfukoni. Ukitaka kusoma ramani, ingia dukani.

Fuatilia pia habari za nchi. Mnamo 2025, tarehe 25 Juni na 7 Julai, maandamano yalisimamisha shughuli katikati ya Nairobi. Siku za namna hiyo mgeni hana la kufanya mjini.

*Vya kuona*

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, ina kilomita za mraba 117 na inapakana na mji wenyewe. Kuizunguka kunahitaji gari. Lakini kwenye lango lake kuu kuna njia ya miguu iitwayo Safari Walk na kituo cha wanyama yatima, na huko hakuna anayekuuliza gari. Nisemalo hapa watu wa Arusha watalielewa. Tunaishi mlangoni pa hifadhi maarufu duniani, watalii wanapita mbele yetu kila siku, na bado watoto wengi wa Ngarenaro na Unga Limited hawajawahi kumwona simba, kwa sababu hifadhi zetu zinaingiwa kwa gari na gari la kukodi ni ghali. Pale Lang'ata mtoto anamwona simba na duma kwa miguu yake mwenyewe. Kwa familia isiyo na gari, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kwenda.

Upande huohuo kuna Giraffe Centre, ambapo unamlisha twiga mkononi, na kituo cha kulelea tembo yatima cha Sheldrick, ambacho hupokea wageni kwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uweke nafasi mapema. Panga siku yako kuanzia saa hiyo: tembo kwanza, vingine baadaye.

Kaskazini, Makumbusho ya Taifa yana mifupa ya kijana wa Turkana, iliyogunduliwa 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.6. Ni mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale iliyowahi kupatikana. Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania miaka ya 1990 usigawiwe wajenzi, una maporomoko ya maji, mapango na baiskeli za kukodi. Katikati ya mji, jengo la mikutano la KICC lina paa la kutazamia mji mzima, na Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani.

*Mfuko*

Fedha inaishia kwenye viingilio na usafiri wa ndani. Hifadhi za Kenya hazipokei noti. Malipo ni kwa mtandao wa serikali, kwa kadi au kwa M-Pesa ya Kenya. Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki viko chini sana kuliko vya watalii wa mbali, kwa hiyo pasipoti isikae hotelini.

*Panamfaa nani*

Mwenye siku tatu tu anayeanzia Arusha, familia yenye watoto, na mtu anayependa mji wenye mambo mengi na ambaye kelele hazimchoshi. Hapamfai anayetaka kupumzika.

MOMBASA

*Kufika*

Kwa mtu wa Moshi, Mombasa iko karibu kuliko anavyofikiri: ni kilomita 300 hivi. Basi linatoka Arusha, linapita Moshi na Himo, linavuka Holili kwenda Taveta, kisha Voi, kisha linashuka pwani. Kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kilizinduliwa 2016, na barabara ya Taveta hadi Voi, iliyokuwa vumbi tupu, sasa ni lami. Hata hivyo tenga siku nzima, hasa ukianzia Arusha.

Anayetaka kuunga anaweza: Hiace ya Moshi hadi Holili, kuvuka, matatu ya Taveta hadi Voi, nyingine hadi Mombasa. Ondoka alfajiri. Voi ni mahali pa kubadilishia gari mchana, si usiku.

Kaa dirishani. Barabara inapita kando ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na tembo wekundu kwa vumbi la huko huonekana bila kiingilio. Karibu na Taveta kuna kilima cha Salaita, ambapo Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa na Wajerumani Februari 1916. Reli ya kutoka Voi ilijengwa katika vita hivyo ili kuwaleta wanajeshi upande wetu wa Kilimanjaro, na ikaunganishwa na reli ya Tanga pale Kahe. Mtu wa Moshi anapopita hapo anapita kwenye historia ya wilaya yake.

Njia ya tatu ni kupitia Nairobi na kupanda treni ya SGR, iliyozinduliwa 2017. Ni kilomita 470 hivi kwa saa tano hadi sita, katikati ya Tsavo. Tangu 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya na la kwanza 4,500. Jua tu kwamba stesheni zote mbili ziko nje ya mji, Syokimau upande wa Nairobi na Miritini upande wa Mombasa, na ukaguzi wa mizigo ni mrefu. Fika saa nzima kabla.

*Kuzunguka*

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Mji wa Kale unaumaliza kwa miguu, na kwingineko kuna tuktuk, ambazo sisi huziita bajaji. Patana bei kabla hujakaa. Matatu za Nyali, Bamburi na Mtwapa ni nyingi tangu asubuhi. Kwenda kusini unavuka feri ya Likoni, ambayo mtu wa miguu halipi kitu, kisha matatu hadi Ukunda na tuktuk hadi ufuo wa Diani. Kuanzia Likoni ni kilomita 30 hivi, lakini feri ina msongamano wake asubuhi na jioni, kwa hiyo Diani iwe siku yake peke yake.

Jambo linalorahisisha Mombasa kuliko vyote ni kwamba unauliza njia kwa Kiswahili na unajibiwa kwa Kiswahili, kwa utulivu. Anza kwa salamu. Ukimkuta mzee barazani, mwamkie shikamoo kisha uulize. Mji wa Kale ni mahali pa watu wanaoishi, wanaoswali na kulea. Vaa nguo ya heshima na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

*Vya kuona*

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na tangu 2011 imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ilizingirwa na majeshi ya Oman, na waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Nenda asubuhi mapema, jua halijapanda, na chukua mwongoza wageni mwenye kitambulisho. Kuta hizo bila maelezo ni kuta tu. Kutoka hapo unaingia moja kwa moja kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, milango ya nakshi, na wauza kahawa chungu ya buli.

Kula ni sehemu ya matembezi: mbaazi na mahamri asubuhi, viazi vya karai jioni, biriani Ijumaa. Jioni watu hukusanyika bustani ya Mama Ngina kutazama meli zikiingia bandarini.

Bamburi kuna Haller Park, iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Tangu 1971 René Haller alipanda miti kwenye mwamba mtupu, na leo ni msitu wenye twiga, viboko na kobe wakubwa. Matatu zinapita mlangoni. Kwa mwenye usiku wa tatu au wa nne, magofu ya Gedi karibu na Watamu yaliingia Urithi wa Dunia 2024. Ni mbali kidogo kwenda na kurudi siku moja, lakini yanastahili.

Aprili na Mei ni mvua kubwa. Kuanzia Desemba hadi Machi joto ni kali, na aliyezoea baridi ya Arusha atafute chumba chenye feni nzuri kabla ya kutafuta chumba chenye mandhari.

*Mfuko*

Fedha inaishia kwenye chumba. Chumba cha mjini kisiwani ni nafuu, cha ufuoni ni ghali, na bei hupaa shule za Kenya zikifunga na wakati wa Pasaka na Krismasi. Chakula na usafiri wa ndani ni vya chini.

*Panamfaa nani*

Mtu wa Moshi kuliko wa Arusha. Wanandoa, wazazi wazee wanaotaka kuona bahari bila kukimbizwa, na yeyote anayesafiri nje kwa mara ya kwanza akihofia lugha. Hapamfai mwenye siku tatu tu.

KIGALI

*Kufika*

Kwa basi ni zaidi ya kilomita elfu moja: Singida, Nzega, Kahama, daraja la Rusumo, kisha Kigali. Kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa 2016 na mpaka wenyewe hausumbui. Urefu ndio unaosumbua. Utalala njiani, na Kahama ndipo pazuri pa kukata safari. Mwenye chini ya wiki moja nzima asijaribu.

Kwa ndege unaondokea uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ambao uko kati ya Arusha na Moshi, kwa hiyo wote tuko sawa. Ikiwepo ya moja kwa moja ni chini ya saa mbili. Isipokuwepo unaunga kupitia Nairobi au Dar es Salaam. Ratiba za njia hii hubadilika, basi tazama ndege kwanza, ndipo uombe likizo.

*Kuzunguka*

Hapa Kigali haina mpinzani. Barabara zina njia za waenda kwa miguu, usiku watu wanatembea, mabasi yanalipiwa kwa kadi ya kugusa, na pikipiki zinabeba abiria mmoja tu mwenye kofia ngumu. Milima ndiyo itakayokuchosha. Kigali ni kupanda na kushuka, na mwenye magoti mabovu apange pikipiki kwenye bajeti. Magari yanapita kulia, kwa hiyo unapovuka tazama kushoto kwanza. Saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi hiyo usafiri na maduka husimama.

Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017, ingawa mtaani si kila mtu anakiongea. Nyamirambo na Biryogo utakipata bila kutafuta: ni mitaa ya zamani ya Waislamu na wafanyabiashara, na Biryogo kuna barabara iliyofungwa magari ambapo watu wanakunywa chai nje hadi usiku.

*Vya kuona*

Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi ilifunguliwa 2004, na hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kuingia ni bure. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero.

Kwa mtu wa Arusha mahali hapa pana uzito wa pekee. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na miezi minane baadaye mauaji yakaanza. Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa iliyowashtaki wahusika wakuu ilikaa katika majengo ya AICC, kituo cha mikutano cha hapa hapa mjini, hadi ilipofungwa 2015. Hukumu ya 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, ilisomwa Arusha. Wengi wetu tulipita nje ya jengo lile miaka yote hiyo tukiona magari ya Umoja wa Mataifa tu. Gisozi utaona waliokuwa wakizungumziwa ndani: majina yao, picha zao za harusi, nguo za watoto wao. Tenga nusu siku, na usipange sherehe yoyote baada ya hapo. Watoto wadogo wasiingie kwenye maonyesho ya ndani. Bustani ya nje inawatosha. Wiki ya kuanzia 7 Aprili ni ya maombolezo ya taifa, na burudani nyingi hufungwa.

Nyingine ni nyepesi zaidi: soko la Kimironko na vitenge vyake, na bustani ya Nyandungu iliyofunguliwa 2022 kwenye ardhi oevu iliyokuwa imeharibika. Mabasi ya kwenda Musanze, chini ya volkano, huchukua saa mbili hivi, na ya Rubavu kwenye Ziwa Kivu zaidi ya saa tatu. Yanaondoka kwa saa zilizoandikwa, hata yasipojaa.

*Mfuko*

Tiketi ya ndege ndiyo inayomeza karibu kila kitu. Ukishafika, usafiri ni wa bei ndogo, ila chumba na chakula ni ghali kidogo kuliko Arusha. Nyumba za wageni za makanisa ni safi na zina bei ya wastani.

*Panamfaa nani*

Mwanamke anayesafiri peke yake, mwalimu, mwanafunzi wa sheria au historia, na mtu anayetaka utulivu na anayeweza kulipia ndege. Hapaifai familia kubwa, maana kila mtoto ni tiketi.

Kulingana na hali yako

Una siku tatu na unaanzia Arusha: Nairobi, shato ya kwanza ya asubuhi, upande mmoja kwa siku. Una siku tatu na unaanzia Moshi: bado Nairobi, isipokuwa upate siku ya nne, hapo Mombasa inashinda.

Unasafiri na wazazi: Mombasa, na lala kisiwani karibu na Mji wa Kale ili wasipandishwe magari kila saa. Unasafiri na watoto wa shule ya msingi: Nairobi, na chagua malazi upande wa Lang'ata hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu utaokoa teksi na uchovu wao.

Unasafiri peke yako na hujawahi kutoka nje: Kigali kama tiketi inalipika, Mombasa kama hailipiki.

Unatafuta tarehe za Desemba: epuka wiki mbili za mwisho kwenye barabara yoyote inayopita Moshi. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, Kenya ikiwemo, na nafasi kwenye mabasi huisha mapema. Januari katikati ni bora.

Una siku sita na bado huwezi kuchagua kati ya Nairobi na Mombasa, basi usichague. Panda shato ya Namanga, lala Nairobi siku mbili, shuka pwani kwa treni, lala Mombasa siku mbili, urudi kwa basi la Taveta na kuingia nyumbani kupitia Holili. Izunguke kwa mwelekeo huo: basi la kurudi likichelewa utakuwa unaelekea kwako, lakini ukizunguka kinyume, treni ikichelewa itakushusha Syokimau, nje ya mji, na nyumbani bado ni mbali. Kata tiketi ya treni kwanza, hasa kama safari inaangukia mwisho wa wiki, na tarehe yake ndiyo ikuambie siku ya kuondoka Arusha.